Redio inakamata vizuri, mbona sauti inakatika?

Ujumbe wa namna hii tunaupokea mara kwa mara: redio imeshika vizuri, haina mkwaruzo hata kidogo, ghafla mtangazaji anakatika katikati ya neno. Wapo wanaotoa betri na kuzisugua, wapo wanaogeuza antena. Na ikitokea wakati wa matangazo ya vifo au bei za mazao, jina la marehemu au bei ya gunia imeshapita.

Kuna namna ya kutambua tatizo liko upande gani. Ukisikia mkwaruzo kwenye FM, basi mawimbi hayakufikii vizuri: mlima, umbali, au mnara umezimika. Lakini ukisikia kimya kitupu, mnara bado uko hewani. Sauti imepotelea njiani kabla ya kuufikia, na siku hizi sehemu moja ya njia hiyo ni kifaa kinachoitwa swichi.

Zamani kila maikrofoni ilikuwa na waya wake hadi kwenye mikisa. Sasa katika studio nyingi sauti hugeuzwa kuwa vipande vidogo vya data na kupita kwenye kebo za kompyuta. Swichi hukaa katikati, kisanduku chenye matundu 8, 24 au 48, kikipokea vipande na kuvipeleka kwenye tundu linalohusika.

Sauti ya mtangazaji mmoja huhitajika sehemu kadhaa kwa wakati mmoja: kwenye mikisa, kwenye kompyuta ya kurekodia, kwenye kifaa cha kuipeleka mnarani. Kutuma nakala moja moja kwa kila kifaa ni kujaza kebo bure. Mwaka 1989 Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliandika kanuni za njia nyingine, inayoitwa multikasti. Mtumaji anatuma nakala moja tu kwa anwani ya kundi, na wanaoihitaji wanajiunga na kundi hilo.

Chukulia mjumbe anayepeleka taarifa ya kikao cha VICOBA. Kama hajui wanachama ni akina nani, atagonga kila mlango kijijini. Swichi isiyopangwa hufanya hivyohivyo: hata printa ya ofisini inaletewa sauti ya mtangazaji, ingawa haina kazi nayo. Sauti moja ya stirio ya kiwango cha studio hula zaidi ya megabiti 2 kwa sekunde. Zikiwa 40, kifaa chenye tundu la megabiti 100 kinazidiwa, vipande vinadondoka na wewe huko unasikia kukatika. Wi-Fi ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa mara nyingi hutuma data za kundi kwa kasi yake ya chini.

Dawa yake ni kuiruhusu swichi ichungulie. Kifaa kinachotaka kujiunga na kundi hutuma ujumbe mfupi kwa lugha inayoitwa IGMP. Swichi ikiusoma, inaandika kwamba tundu la 5 linataka sauti hii na tundu la 9 halitaki. Milango mingine inaachwa ipumzike.

Lakini orodha hiyo haidumu. Lazima awepo muulizaji kwenye mtandao, na kwa kawaida kila baada ya sekunde 125 anauliza: nani bado yumo? Wanaojibu wanabaki. Asipokuwepo wa kuuliza, hakuna anayejibu, na baada ya sekunde 260 swichi nyingi hufuta majina. Ndiyo maana mtambo unaweza kuwashwa, sauti ikatoka safi, kila mtu akaridhika, na baada ya dakika 4 na ushee kukawa kimya. Ukizimwa na kuwashwa, sauti inarudi kwa dakika hizohizo. Hapo kebo nzima hubadilishwa bila kosa lolote. Kwa maoni yetu, kimya kinachorudi kwa saa maalumu kisiachwe kipite bila kumtafuta muulizaji kwanza.

Kazi hiyo hupewa swichi kuu, nayo iwekwe kwenye betri ya akiba, maana kwetu umeme hauagi ukiondoka. Sauti pia itengwe na mtandao wa ofisi.

Kwa wanaosikiliza kwa simu, nafuu hii ya nakala moja inaishia ndani ya studio. Intaneti ya kawaida haibebi multikasti, kwa hiyo kila simu inatumiwa nakala yake. Wasikilizaji 500 kwa kilobiti 64 kila mmoja ni megabiti 32 kwa sekunde zinazotoka kituoni, na kwako wewe ni takriban MB 29 za bando kwa saa. FM haina hesabu hiyo. Mkiwa kumi au elfu kumi, wimbi ni lilelile.

Basi sauti ikikatika, ukituandikia tutajie mambo manne: ulikuwa FM au simu, ulisikia mkwaruzo au kimya, ilikuwa saa ngapi, na ilichukua muda gani kurudi. Hilo la mwisho fundi huliuliza kabla ya yote.