Mbele ya kununua bafle tano, tuangalie masikio yetu

Mwezi uliopita rafiki yetu mumoja wa Luano, mutu wa mugodi tangu miaka zaidi ya 20, alituita kwake kuangalia filme. Alikuwa amepata primu, na akanunua ile kitu wauzaji wa mjini wanaita home cinéma: bafle tano ndogo, bafle moja kubwa ya besi ya kuweka chini, na ampli yenye taa ya buluu. Ku kartoni waliandika 1000 W kwa herufi kubwa, sawa jina la mutu anatafuta kura.

Tulikuwa wanne, wote watu wa kazi: wawili wa mashine ya kutoboa mawe, mumoja wa kinu cha kusaga, na mumoja wetu wa sindika, mwenye pia alitoboa mawe miaka mingi. Mama wa nyumba alileta bukari na samaki, na munkoyo. Filme ikaanza. Bomu ya kwanza ikatikisa vikombe mu kabati. Ndege ya filme ikapita juu ya vichwa vyetu, na ile ya kweli, yenye kushuka ku uwanja wa Luano, ikaifuata nyuma, hatukujua tena ipi ni ipi. Tulifurahi sana. Kisha watu wa filme wakaanza kuongea.

— Anasema nini ule? muzee akauliza mutoto wake.

— Anasema bamulipe franga yake, papa.

Kisha kidogo tena:

— Na ule mwanamuke?

Kufika katikati ya filme tukahesabu. Kati ya sisi wanne, watatu walikuwa wanauliza. Mutoto wa miaka 12 alikuwa anatuelezea filme ya Kifaransa, na Kifaransa sisi wote tunakijua. Yeye alisikia kila kitu. Mama yake vilevile, na alikuwa ku jikoni! Muzee akakamata telekomandi, akapandisha sauti. Bomu zikawa kubwa zaidi, maneno yakabaki vile yalikuwa. Akakasirika, akasema muuzaji amemwibia.

Muzaji alimwibia kidogo, ndiyo, na tutaonyesha namna gani. Lakini shida kubwa ilikuwa imekaa ku viti, pamoja na sisi.

Sikio la mutu wa mugodi

Mashine ya kutoboa mawe inapita desibeli 100. Wataalamu wa NIOSH, shirika la Marekani lenye kuchunguza afya ya wafanyakazi, wanahesabu hivi: kwa desibeli 85 sikio linaweza kuvumilia masaa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, wakati unakatwa nusu. Kwa 88 ni masaa 4, kwa 91 masaa 2, na kwa 100 ni dakika 15. Dakika 15 tu, bila vizibo. Kila mutu ahesabu mwenyewe zamu yake ni masaa ngapi.

Ukiziwi wa kazi haufungi sikio kwa siku moja, na ndiyo sababu unatudanganya. Unaanza kukamata sauti nyembamba, zile za karibu na hezi 4000. Na ni huko juu ndiko zinasikilikanaka herufi kama s, f, t, k. A, e, i, o, u ziko na nguvu zaidi, zinabaki. Kwa hiyo mutu anakuambia: nasikia, lakini sielewi. Kupata, kukata, kufata: kwake yote ni neno moja. Mama akimwita anaitika, anajua ni sauti ya bibi yake, lakini alichotumwa kununua hakukikamata, anarudi na chumvi pa nafasi ya sukari, ugomvi unaanza. Tunajua nyumba nyingi za namna hiyo.

Sasa mutu huyu akienda mjini kununua bafle, atachagua nini? Atachagua ile yenye kupiga besi nguvu zaidi, juu besi ndiyo bado anaisikia vizuri. Na ni besi ndiyo inafunika maneno. Amelipa franga mingi ili asikie kidogo kuliko mbele.

Ile tano na moja

Tuseme kwanza namna machine hii inafanya kazi. Wanaandika 5.1: tano ni bafle za kuzunguka mutu, na ile moja ni ya besi. Mbele kuko tatu: kushoto, kuume na katikati. Mbili zingine zinakaa ku mbavu, nyuma kidogo, kwa mvua, magari, kelele za watu mu stade. Wazo lenyewe ni la zamani, kampuni ya Walt Disney ililijaribu tangu 1940 mu filme Fantasia, kwa kuweka bafle nyingi mu salle. Maneno ya filme, karibu yote, wanayatia mu bafle ya katikati. Basi kwa masikio yetu ile ndiyo bafle ya bei, na mu kartoni nyingi za bei ya chini ndiyo wanafanyaka ndogo na dhaifu kuliko zote.

Wazazi wetu walikaa karibu na radio moja kusikia kikundi cha Mufwankolo wakicheza teatre yao mu Kiswahili ya hapa kwetu. Bafle moja, ndogo sawa sahani, na watu walicheka mpaka machozi. Ilikuwa juu ya maneno.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya, na wauzaji hawatayapenda: kama franga si mingi, bora bafle tatu nzuri za mbele kuliko tano za kupendeza macho. Nyuma utaongeza siku ingine. Tena, filme nyingi tunazoangalia zinatoka ku kle USB ya mutoto wa jirani, na sauti yake walishaifinya, imebaki ya bafle mbili tu. Machine inabuni yenyewe kitu cha kutuma nyuma. Wenye wanapata faida ya kweli ya bafle tano ni wale wa DVD ya kweli, ao wa dekoda na chaneli zenye kutuma 5.1. Uliza mbele ya kulipa.

Kuchagua kwenyewe ni hivi. Nenda na kle USB yako, yenye filme ambayo unaijua. Usikubali ile video ya muuzaji yenye maji na simba. Tafuta mahali watu wawili wanaongea polepole na muziki iko nyuma. Kaa mbali sawa vile unakaa kwako, angalia ukuta pa nafasi ya picha. Ukielewa maneno, machine ni nzuri. Enda pamoja na mama wa nyumba: yeye masikio yake ni mazima, atakuambia ukweli, na pia yeye ndiye anajua ukuta gani iko na nafasi.

Wati za ku kartoni, usizisome. Geuza ampli, angalia kibati cha nyuma. Ile ya rafiki yetu kartoni ilisema 1000, nyuma iliandikwa inakula wati 80. Machine yenye kula 80 haiwezi kutoa 1000 kwa muda wote wa filme, hata muuzaji aape kwa mama yake. Kama umekuta neno PMPO, ni bei ya kukutisha tu. Neno la kutafuta ni RMS.

Na sasa ile kitu ilituumiza roho. Tulipofungua fili za bafle zake, tukakwangua moja kwa kisu. Inje nyekundu, ndani nyeupe. Aluminiumu! Aluminiumu yenye kupakwa shaba kidogo juu. Sisi wenye tunaishi juu ya shaba, wenye tunaona kila siku malori yanashuka Kasumbalesa na kathodi zenye usafi wa 99,99 kwa mia, mu nyumba zetu tunauziwa aluminiumu kwa bei ya shaba. Aluminiumu inapitisha umeme kiasi cha 60 kwa mia ya shaba, na fili nyembamba ya namna ile inavunjika ukiikunja mara kidogo. Chukua kisu ku duka. Omba fili ya shaba ya milimita mraba 1,5 kwa nyumba ya kawaida. Ikipita metre 10, chukua 2,5. Wenye kufanya kazi ya umeme ku mugodi wanajua, muwaulize, hawatakataa bia moja.

Kupanga nyumba

Siku ya Mungu tulirudi kwa muzee, tukapanga upya. Bafle ya katikati ilikuwa imelala chini nyuma ya chupa ya maua. Tukaiweka chini tu ya televizyo, tukainua uso wake uangalie masikio ya mwenye kukaa. Zile mbili za mbele, moja kila upande: kama uko mbali na televizyo metre tatu, ziachane karibu metre tatu vilevile, zikuangalie. Za nyuma alizipigilia juu kabisa karibu na mabati, zinapigia panya muziki. Tukazishusha, ziwe ku mbavu za kiti, nyuma kidogo, na juu ya kichwa cha mutu amekaa kadiri ya mukono mumoja.

Ile ya besi iko na dawa ya kuchekesha. Unaiweka pa kiti chako mwenyewe, unapiga muziki yenye besi, kisha unatembea polepole kando ya kuta ukiinama. Pale unasikia besi safi, bila kuunguruma, ndipo utaiweka. Mama alicheka sana kuona delege wa sindika anatambaa mu salon yake. Usiiweke ku kona, na zaidi usiiweke ku ukuta wa jirani: besi inapita matofali, na jirani pengine anatoka zamu ya usiku.

Fili nyekundu ku nyekundu, nyeusi ku nyeusi, kila bafle. Moja ikigeuka, sauti inakuwa sawa imetoboka katikati. Mu menyu ya ampli tukaongeza bafle ya katikati desibeli 3, tukashusha besi, na tukawasha ile modi ya usiku, yenye kupunguza bomu na kuinua maneno. Wengi wanaiacha kwa sababu ya jina. Kwetu ni ya muchana pia.

Nyumba ya simenti tupu inarudisha sauti, maneno yanagongana. Rido nzito, mukeka, viti vya kitambaa, hata kikwembe kikubwa ku ukuta wa nyuma, vinasaidia kuliko wati 200. Juu ya mvua ya mwezi wa kwanza ku mabati, pale hatuna dawa. Zima, lala.

Umeme nao. Mu mapori yetu inapita ile laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometre karibu 1700, lakini mu kartye magharibi inashuka mpaka taa zinakuwa sawa tomate. Usiwashe ampli pale. Nunua stabilizateri yenye kungojea dakika chache umeme ukirudi, juu ni kurudi kwa nguvu ndiko kunaua machine. Radi ikianza, chomoa kila kitu, na fili ya parabole pia.

Na franga. Hatutaki kuhubiri, lakini mu sindika tunaona karatasi za mshahara. Machine ya muziki kwa avansi ya mwezi, kisha banque Lambert kwa kulipa minerval ya watoto, tumeona mara nyingi mno. Bafle tatu leo, mbili primu ingine: hakuna mutu alikufa kwa kukosa mvua ya nyuma.

Tulipomaliza, tukaangalia ile filme tena, tangu mwanzo. Muzee alielewa sehemu kubwa. Hakuelewa yote. Mutoto alimusaidia mara mbili, tatu. Kisha mama akasema kitu, polepole, akiwa anatoa sahani: «Miye nilizani anakataaka tu kunijibu.»

Muzee akanyamaza. Inje, ku barabara, akatueleza kile tulikuwa tunakijua tayari: kwamba masikio yake yanalia usiku tangu miaka minne, na kwamba hakusema ku munganga wa kazi juu anaogopa wamuandike hafai, naye amebakiza miaka kidogo ya pensheni. Woga huo si wa upuuzi, na sisi hatukumuambia ni wa upuuzi. Tulimuambia kwamba ukiziwi wenye kutoka ku kazi unahesabiwa ugonjwa wa kazi, kwamba bila audiogramu yenye tarehe hana kitu cha kuonyesha siku ile wataanza kumuuliza, na kwamba hatakwenda peke yake: delege ataingia naye.

Wawili kati yetu waliandika majina kwa kupimwa. Wa kinu cha kusaga atafuata akitoka konje. Muzee alisema atafikiri. Jumatano alituma mutoto kuja kuuliza kama audiogramu inauma.