Zima Injini Ukiwa Foleni

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumzia moshi wa malori mpakani.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, humsimamisha dereva mara moja tu kwa ukaguzi, upande wa nchi anayoingia. Hata hivyo foleni zipo, na injini nyingi huachwa zikinguruma.

Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Wanaouvuta kwanza ni dereva mwenyewe, utingo wake, mkaguzi wa forodha na mama muuza chai kando ya barabara.

MTANGAZAJI 2: Lakini kaka, foleni ikisogea kidogo kidogo, dereva atazima vipi?

MTANGAZAJI 1: Ndiyo maana sheria ya kazini inahitajika, dada. Lori lisubiri kwenye maegesho, injini imezimwa, mpaka wakala apige simu kwamba karatasi ziko tayari. Tajiri naye anafaidika: lori likisimama huku linawaka huweza kumeza lita 2 za dizeli au zaidi kwa saa.

Ndugu dereva, ukishavuta breki ya kuegesha, zima injini pia.

(Muziki)