Meduzi wa Mar Menor: tuangalie chini ya maji

Ndugu msomaji, umekwisha kuona meduzi? Ni mnyama wa maji, laini sawa uji uliolala, hana mfupa, hana damu. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanamwita konyeza. Hata ziwa letu la Tanganyika liko naye, mdogo wa santimeta 2 hivi. Leo twende pamoja inchi ya Hispania, kwenye ziwa la chumvi linaloitwa Mar Menor. Habari yake inatugusa sisi watu wa mgodi.

Ziwa hilo lina kilometa za mraba 135, na kina chake hakipiti metre 7 hivi. Ukanda mwembamba wa mchanga unalitenga na bahari ya Mediteranea.

Wanatoka wapi?

Mwezi wa saba, wakati sisi tunavaa pulova, kule ni joto kali. Ndipo meduzi wanajaa mu maji. Kuna aina moja yenye kufanana na yai la kukaanga. Baridi ikirudi, hauwaoni tena. Wakubwa wamekufa, lakini wameacha watoto wadogo sana, wenye kushikamana na mawe na makombe chini ya maji. Wale wanachipuka sawa muhogo, mmoja anatoa mwingine. Maji yakipata joto, kila mmoja anaachilia kisahani kidogo, na kile kinakua meduzi. Mwaka baridi ikiwa ndogo, wengi wanabaki wazima.

Kwa nini walizidi?

Kisha katika miaka ya 1970 watu walipanua mfereji wa Estacio ili mashua zipite. Maji ya bahari yakaingia kwa wingi, na meduzi pamoja nayo. Toka 1979 mfereji mwingine ulileta maji ya mto Tajo, na mashamba ya mboga yakaongezeka. Mbolea ikateremka ziwani, ikalisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Ile ikalisha vidudu, na vidudu vikalisha meduzi. Katika miaka ya 1990 walikuwa mamilioni.

Serikali ililipa wavuvi wawatoe kwa nyavu. Lakini mwaka uliofuata wakarudi, juu shina lilibaki chini na mbolea iliendelea kuingia. Mwaka 2016 maji yakawa kijani sawa supu ya sombe, na majani ya chini yakafa, 85 kwa mia. Mwezi wa kumi 2019, na tena mwezi wa nane 2021, samaki walikufa kwa kukosa hewa, tani na tani.

Na mgodi? Milima ya La Unión, karibu na pale, ilitoa risasi na zinki mpaka 1991. Mgodi ulifungwa, lakini udongo wake haukufungwa: kila mvua kubwa inauteremsha ziwani mpaka leo.

Watu zaidi ya 600 000 wakatia sahihi. Mwaka 2022 sheria ililipa ziwa lile haki sawa mtu.

Baba, mama, tusivue meduzi tu, yaani kile kinachoonekana. Mbele ya mvua, tembeeni na majirani, muangalie udongo wa mgodi unateremkia kijito gani. Kule watoto wasioge, na mboga zisioshwe. Mu jumuiya yenu ulizeni: nani atazuia udongo ule? Maji ni zawadi ya Muumba, na yanalindwa kuanzia juu, kule yanakotoka.