Kusimama Imara Katika Mtumbwi

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wa Ifakara huliona kila siku, lakini ni wachache waliowahi kuuliza sababu yake. Mtu awezaje kusimama wima ndani ya mtumbwi mwembamba, akasukuma upondo kwa nguvu zake zote, wala asianguke majini?

Siku hizi mto Kilombero una daraja kubwa karibu na Ifakara, lenye urefu wa mita 384, na magari hupita juu yake. Lakini daraja halimfikishi kila mtu shambani kwake. Masika yajapo, mto hufurika, na sehemu kubwa ya bonde huwa maji matupu. Hapo mvuvi na mkulima wa mpunga huingia mtumbwini kama walivyofanya babu zao, na Wandamba ndio wasifiwao sana kwa kazi hiyo. Tena majini mna mamba na viboko. Basi kuanguka si jambo la kuchekwa tu.

Kwanza tufahamu kwa nini mtumbwi huyumba. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, na tumbo lake ni la mviringo, kwa hiyo hugeuka upesi. Mtu aketipo chini, uzito wake huwa karibu na maji, na mtumbwi hutulia. Asimamapo, uzito hupanda juu. Akiegemea upande hata kidogo, mtumbwi hulala upande ule. Naye kwa hofu hujitupa upande wa pili, na mtumbwi hulala zaidi. Mara nyingi kipinduacho mtumbwi si maji, bali ni woga wa mtu aliyemo.

Sasa tumtazame fundi. Mguu wake mmoja uko mbele na wa pili nyuma, na nyayo zote mbili zimekanyaga karibu na mstari wa katikati. Magoti yake yamelegea kidogo. Kwa kulegea hivyo uzito wake hushuka, na mtumbwi uyumbapo, magoti huupokea ule mwendo kabla haujafika kifuani. Mgongo wake umenyoka, lakini haukukakamaa. Kichwa chake kimetulia, na macho yake hutazama mbali, penye mti au kona ya mto.

Huenda mtu akauliza, macho yana kazi gani hapa? Ndani ya kila sikio mna vijifereji vitatu vyenye umajimaji, navyo hutuarifu kichwa kigeukapo. Macho husaidiana navyo. Atazamaye maji yapitayo miguuni pake hudanganyika, akadhani yeye ndiye aendaye upande. Bali atazamaye kitu kisichosogea hupata habari ya kweli. Jaribuni wenyewe shuleni. Chora mstari kwa majivu, simama juu yake, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisha fumba macho. Utaona mwili waanza kuyumba mara moja.

Kanuni hii si ya mtoni peke yake. Wako watu wachezao gofu, kama katika uwanja wa Gymkhana ulioko Dar es Salaam. Hupiga mpira mdogo kwa fimbo ndefu, wapate kuufikisha katika shimo lililo mbali. Nao hufundishwa karibu yale yale: nyayo zikae imara, magoti yalegee, kichwa kisipande wala kushuka, na nyonga na mabega yazunguke uti wa mgongo kama mlango uzungukavyo juu ya bawaba. Mchezaji akiinua kifua mapema ili aone mpira wendako, fimbo hupanda pamoja naye, akaupiga upepo. Lakini yeye amesimama juu ya ardhi, aweza kujaribu tena. Mwenye upondo hana ruhusa hiyo.

Yafuata kazi yenyewe ya kusukuma. Chomeka upondo karibu na ubavu wa mtumbwi, kisha sukuma kuelekea nyuma. Ukiuchomeka mbali, mtumbwi hugeuka na kulala. Nguvu itoke miguuni na nyongani, mikono ikipanda juu ya upondo mmoja baada ya mwingine. Asukumaye kwa mikono mitupu huchoka upesi, na mtu aliyechoka husahau magoti yake.

Hatari kubwa iko mwisho wa kusukuma. Nilipokuwa kijana nilifundishwa na mzee mmoja wa mtoni. Siku moja upondo wangu ulinasa katika matope, nami nikaung'ang'ania. Mtumbwi ukaenda zake, mimi nikabaki nyuma nikining'inia, kisha nikaingia majini. Mzee akanivuta, akasema, “Mwanangu, upondo ni mti, na porini iko miti mingi. Wewe u mmoja.” Ndipo nikafahamu maana ya maneno ya wazee, kwamba mshika mawili moja humponyoka. Basi kabla ya kuuvuta upondo, uzungushe kidogo ili matope yauachilie. Ukikataa kutoka, uache. Kaa chini, chukua kafi, urudi kuufuata polepole. Kwa ajili hiyo usisafiri na upondo bila kuwa na kafi mtumbwini.

Na ninyi abiria, msaidieni mwenye kazi. Ketini chini katikati, magunia ya mpunga yalazwe chini, wala mtu asisimame kumpisha mwenzake. Mtumbwi ukipinduka, msiuache; mti huelea hata ukijaa maji. Ushikeni mpaka msaada uje.

Vijana wengi hudhani kusimama imara ni kukaza mwili wote kama nguzo. Nguzo haina magoti. Iweke mtumbwini uone itakavyoanguka. Miguu na kichwa vitulie, magoti na nyonga vifanye kazi, na mkono ujue wakati wa kuachilia. Mwenye kuyashika hayo ataufikisha mpunga wake nyumbani.