Siku Tatu Katika Ngitili ya Baba Mkwe

Watu wa mijini, wapatapo siku chache za mapumziko, huwachukua watoto wao kwenda kutazama mashamba, mito na miti. Huko Uingereza desturi hii ina nguvu sana wakati baridi inapokwisha na majani yanapochipua. Sisi tukaao mashambani hudhani kwamba hatuna la kutazama. Nami nilikuwa katika dhana hiyo mpaka mwezi wa Aprili 2024, na napenda kuwasimulia wasomaji wapenzi jinsi nilivyotolewa humo.

Sikukuu ya Muungano mwaka huo, Aprili 26, iliangukia Ijumaa, tukapata siku tatu. Baada ya Sala ya Ijumaa niliondoka hapa Kiloleli pamoja na mke wangu na watoto, kwenda kwa baba mkwe upande wa Bariadi. Sitaficha nia yangu: sikwenda kutembea. Mashemeji zangu walitaka kukata miti ya ngitili ya baba yao, waichome mkaa, kisha walime pamba mahali pale. Mimi nilikuwa nimekwisha kuahidiwa fungu, nami nilikusudia kulilipia ada ya chuo ya mwanangu mkubwa.

Tulipofika Lamadi kubadili gari, binti yangu wa miaka kumi na miwili aliniuliza habari za Serengeti, maana Lango la Ndabaka haliko mbali na hapo. Nilimweleza kwamba ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mwaka ule ule Waingereza walipopata hifadhi yao ya kwanza ya taifa, iitwayo Peak District. Ila katika ile ya Uingereza watu wanakaa, wanalima na kufuga, na wageni huja kutembea kwa miguu. Akauliza tena, "Baba, na Wasukuma je, hawakuwa na hifadhi yao wenyewe?" Sikumjibu, kwa kuwa nilijua tunakwenda kufanya nini.

Jumamosi asubuhi baba mkwe alishika fimbo yake akatuongoza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Majani ya ngitili yalifika kiunoni, migunga imesimama, mizinga ya nyuki imetundikwa, na ndege wanalia kila upande. Watoto wakauliza, "Guku, mbona ng'ombe hawaingii na majani ni mengi hivi?"

Mzee akawaeleza. Ngitili hufungwa mvua zinapoanza, na haifunguliwi mpaka kiangazi kikali, malisho ya nje yakiisha. Hapo huingia kwanza ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Mwenye kuvunja sharti hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la wenyeji, akatozwa faini.

Binti yangu akanigeukia. "Baba, hii si ndiyo hima uliyotufundisha madrasa?"

Wasomaji wapenzi, nilisimama kimya. Ni kweli nilikuwa nimewafundisha kwamba Mtume (S.A.W.) aliitenga nchi ya Naqi', karibu na Madina, iwe malisho ya farasi wa Waislamu. Tena Sayyidna Umar (R.A.) alimwamuru mlinzi wa hima yake awaruhusu wenye wanyama wachache waingie, na awazuie matajiri wenye makundi makubwa. Somo hilo nimelisomesha miaka mingi, na siku ile nilikwenda na shoka moyoni.

Baba mkwe akaendelea. Wakati wa ukoloni mapori mengi ya Usukuma yalikatwa ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikala mengine. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa zikaharibika. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na watu wakazirudisha ngitili kwa desturi yao ya zamani, hata zikapita hekta 300,000. Hii yake ni mojawapo. "Kabla yake," alisema, "mama yenu alitoka alfajiri kutafuta kuni, akarudi adhuhuri." Mke wangu akaitikia kwa kichwa, alikuwa akifuatana naye.

Usiku tulipokutana nilisema kwamba nimeliacha fungu langu, na nikaomba miti isikatwe. Shemeji yangu mmoja alikasirika. "Shemeji, wewe utarudi Kiloleli. Sisi watoto wetu watakula majani?" Neno lake lilikuwa na haki, wala sikulidharau. Tulizungumza mpaka usiku mwingi. Baba mkwe akakata shauri: mwaka ule ngitili ibaki imefungwa, asali iuzwe, na fedha yake wapewe wenye shida kubwa, shauri la kugawa lingoje.

Jumapili tukarudi nyumbani. Ada nililipa kwa kuuza mbuzi, na iliyobaki chuo kilikubali nilipe kidogo kidogo.

Ndugu zangu wazazi, wachukueni watoto wenu siku za mapumziko mkawaonyeshe nchi yao, hata kama ni shamba la babu yao tu. Lakini jueni kwamba watoto wana masikio. Mliyowafundisha ndani watayakuta nje, nao watawauliza.