Kijana, usiuze dhahabu kabla ya kujua ulicho nacho mkononi

UMEINGIA shimoni kabla jua halijachomoza. Mmevuta magunia kwa kamba, mkasaga mawe, mkaosha, mkachanganya na zebaki, kisha mkachoma. Kufikia jioni umeshika kitonge cha manjano kisichozidi punje ya mahindi. Broka anakiweka kwenye mizani yake, anatupa jicho mara moja, anasema: "Hii si safi sana, buda. Gramu 2.8. Nitakupa elfu saba kwa gramu."

Una njaa, una deni dukani, na wenzako watatu wanasubiri mgao. Unachukua pesa.

Sasa jiulize: kati yenu wawili, nani alijua kilichokuwa kinauzwa? Si wewe.

Hii ndiyo hali ya vijana wengi wanaochimba dhahabu Migori, Kakamega, Vihiga, Siaya, Narok, Pokot Magharibi na Turkana. Kuchimba wanajua, tena kazi yenyewe si ya mchezo. Wasichofunzwa ni kupima. Na katika biashara ya madini, asiyepima huuza kwa bei ya anayepima.

Tuanze na hicho kitonge. Thamani yake inategemea mambo mawili tu: uzito na usafi. Dhahabu inayotoka ardhini huwa imechanganyika na fedha na wakati mwingine shaba, kwa hivyo usitarajie iwe karati 24, yaani safi kabisa. Karati 22 ni usafi wa takriban asilimia 92, nayo karati 18 ni asilimia 75.

Bei ya dunia haijafichwa, iko kwenye simu yako. Hutajwa kwa dola kwa kila wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Gawanya bei hiyo kwa 31.1, zidisha kwa thamani ya dola siku hiyo, na umepata shilingi kwa gramu moja ya dhahabu safi.

Ebu tupige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, gramu safi ni Sh10,000. Kitonge chako kina gramu 3 kamili, na usafi wake ni asilimia 88. Dhahabu halisi iliyomo ni gramu 2.64, thamani yake Sh26,400. Broka alisoma gramu 2.8 akakulipa Sh19,600. Zimepotea Sh6,800 kwa dakika mbili, na hukusikia hata uchungu.

Si kusema mnunuzi asipate faida. Ana nauli, ana gharama ya kuyeyusha, ana leseni ya kulipia. Lakini faida yake ijadiliwe mezani, isifichwe ndani ya mizani. Mizani midogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu si ghali kwa watu wanne wakichanga. Nunueni yenu, mpime kabla ya kwenda sokoni.

Usafi nao unaweza kukadiriwa kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga dhahabu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kando, usome namba. Gawanya uzito wa kawaida wa dhahabu kwa namba hiyo. Dhahabu safi itakupa 19.3. Ukipata kama 16.5, na kilichochanganyika humo ni fedha, usafi uko karibu asilimia 80. Shaba nyeupe au ya manjano haitafika hata 10.

Kuna masharti mawili. Kwanza, dhahabu iwe imeyeyushwa, kwa sababu ile iliyochomwa tu na zebaki ina vitundu kama sponji na itakudanganya. Pili, kipande kidogo hakifai. Kwa gramu 10, tofauti kati ya dhahabu safi na ya asilimia 80 ni 0.52 dhidi ya 0.61 kwenye mizani. Kwa gramu moja hutaona kitu. Wekeni pamoja, mpime pamoja.

Na je, kama unauza mawe yenyewe, kabla ya kusagwa? Hapo ndipo wengi hupigwa changa la macho. Mawe hupimwa kwa gramu za dhahabu katika kila tani. Mawe yenye gramu 5 kwa tani ni mazuri, ilhali gunia la kilo 50 la mawe hayo lina robo gramu pekee. Huwezi kuiona kwa macho. Kile kinachong'aa kwenye jiwe mara nyingi si dhahabu, ni pairiti. Ipige nyundo: dhahabu hubonyea, pairiti huvunjika ikawa unga.

Ukitaka kujua ukweli, chukua sampuli. Usichague jiwe linalokupendeza, maana hapo unajidanganya mwenyewe. Chota kidogo kutoka kila gunia, ponda yote yawe kokoto ndogo, changanya vizuri, rundika kama mlima. Lisawazishe rundo, ligawe mara nne kama chapati. Chukua robo mbili zinazotazamana, ondoa zile nyingine, changanya tena. Rudia hadi zibaki kilo mbili hivi. Nusu ipeleke maabara, nusu ifunge uitunze, ili mkibishana kuwe na ushahidi.

Idara ya Madini ina maabara yake Nairobi, na zipo za watu binafsi. Omba kipimo cha moto: sampuli huyeyushwa na risasi, risasi ikanasa dhahabu, kisha risasi ikaondolewa na kubaki chembe ya kupimwa. Uliza gharama kabla, na udai matokeo kwa maandishi.

Sasa tuje kwa jambo linaloumiza zaidi, ingawa halizungumzwi. Zebaki haitoi dhahabu yote. Mara nyingi hunasa chini ya nusu ya iliyomo kwenye mawe. Nyingine inabaki kwenye mchanga uliooshwa, ule unaomwachia mwenye mashine kama sehemu ya malipo ya kusaga. Mawe yako yakiwa na gramu 10 na zebaki ikatoa 4, umebeba gramu 4 nyumbani na kumpa mwenzako gramu 6. Yeye anajua. Ndiyo maana mchanga huo haumwagwi. Hukusanywa na kuuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, ambayo hutoa kile zebaki ilichoacha.

Usikimbilie kujaribu sayanaidi nyuma ya nyumba. Ni sumu inayoua upesi. Zebaki nayo huua polepole: moshi wake huharibu ubongo, neva na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Yule anayechomea jikoni anailisha familia yake sumu. Unachoweza kufanya ni kupeleka sampuli ya mchanga maabara kama ulivyopeleka ya mawe, kisha kujadili upya na mwenye mashine: alipwe pesa, mchanga ubaki wenu, au bei ya kusaga ishuke.

Lakini majadiliano hayo hayawezekani ukiwa peke yako na huna karatasi. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, madini yote ni mali ya taifa, hata yakiwa chini ya shamba la babu yako. Kibali cha mchimbaji mdogo hupewa Mkenya aliyetimiza umri wa utu uzima. Mnunuzi naye lazima awe na leseni ya kuuza na kununua madini. Uliza leseni, dai risiti. Broka anayekasirika ukitaja risiti amekwisha kujibu swali lako.

Wenzetu wa Tanzania walianza kufungua masoko ya madini mwaka wa 2019, likiwemo la Geita. Wauzaji na wanunuzi hukutana mahali pamoja, na vipimo hufanyika mbele ya maafisa wa serikali. Usichukue hilo kama ruhusa ya kuvusha dhahabu mpakani, kwani hiyo ni magendo. Lichukue kama ushahidi kwamba mizani inaweza kuwekwa mahali kila mtu anaiona. Ushirika wenu unaweza kufanya hivyo hivyo: mizani moja, daftari moja, bei ya siku imeandikwa ukutani.

Neno moja kwa wewe uliye Nairobi, usiyewahi kushika sururu, lakini umepigiwa simu utafute mnunuzi wa "kilo kadhaa" za bei nafuu. Dhahabu ina bei ya dunia. Mwenye dhahabu halali hana sababu ya kuiuza nusu ya bei hiyo kwa mtu asiyemjua. Ukikubali kuwa mtu wa kati, matapeli watatoweka na ni wewe polisi watakayempata.

Kesho alfajiri utashuka tena shimoni, na jioni broka atakuwa pale pale na mizani yake. Kabla hajasema gramu ngapi, mwambie wewe kwanza.