Filamu ya Contagion na mikono ya mchungaji

Vijana wengine wanauliza kama Mkristo anaweza kutazama Contagion, filamu ya Steven Soderbergh ya mwaka 2011 juu ya ugonjwa wa kuambukiza unaoua watu dunia nzima. Ninajibu ndiyo, na ningependa wachungaji na mashemasi waitazame kwanza.

Bunduki ni chache ndani yake. Mwanamke anarudi Marekani kutoka Hong Kong akikohoa. Siku chache baadaye amekufa, na mtoto wake pia. Kisha filamu inafuata mikono: glasi, kitasa cha mlango, nguzo ya kushikilia ndani ya basi. Chanzo tunaonyeshwa mwishoni tu. Miti inaangushwa, popo anaruka na kudondosha kipande cha ndizi, nguruwe anakila, na mpishi wa nguruwe huyo anasalimia mgeni bila kunawa. Sisi wa Tshopo, tunaoishi na msitu mlangoni, hatuhitaji maelezo mengi hapo.

Kuna pia Krumwiede, mtu wa intaneti anayetangaza dawa ya maua huku akijitajirisha. Uvumi tunaujua. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, iliyoua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, wengi walisema ni ugonjwa wa biashara na siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezika ndugu waliouawa Beni miaka mingi bila msaada, kisha magari mengi yakaja kwa ajili ya Ebola, na uchaguzi wao ukaahirishwa.

Lakini mfano unaotugusa sisi watumishi ni wa Julai 2019. Mchungaji mmoja alihubiri Butembo katika makanisa kadhaa, akiwawekea mikono waumini, wagonjwa wakiwemo. Alianza kuumwa, akapanda basi hadi Goma, akakutwa na Ebola, akafariki. Alifanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya Jumapili.

Ebola hupita kwa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au maiti. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21. Kwa hiyo anayegusa wagonjwa wengi anaweza kujisikia mzima kwa wiki nzima, akiendelea na safari.

Wengine watasema tahadhari ni upungufu wa imani. Wasome Walawi 13: kuhani alimtazama mgonjwa, akamtenga siku saba, akamtazama tena. Kutenga ilikuwa kazi ya mtumishi wa Mungu.

Huko Goma, abiria wenzake na dereva walitafutwa, wakachanjwa. Mji mzima ulihesabu wagonjwa wanne tu. Kanisa linaweza kusaidia kazi hiyo, maana shemasi anajua nani alikaa karibu na nani.

Ugonjwa ukitokea, tumwombee mgonjwa kwa jina lake, tukisimama mbali au kwa simu, na ndoo ya maji na sabuni ikae mlangoni mwa kanisa. Maiti isioshwe nyumbani. Timu ya mazishi iibebe. Mchungaji atasimama hatua chache kutoka kaburini, ataomba, na familia itaona sanduku likishuka.